Je, mlio wa zimwi katika gemu la Doom ni fisi wa Kondoa? Naomba ushahidi

Mwalimu wa Miyuji

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Dodoma.

Nina swali ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limenisumbua kwa wiki mbili sasa, na kila ninayemuuliza mtaani ananijibu kwa uhakika mkubwa bila kunionyesha chochote. Katika makundi ya WhatsApp ya hapa mjini kunazunguka ujumbe wa sauti wa dakika moja na ushee. Mtu asiyejitambulisha anadai kwamba milio ya mazimwi katika gemu la zamani la kompyuta liitwalo Doom, lile la mwaka 1993 ambalo baadhi yetu tulilicheza kwa kuibia kwenye kompyuta za ofisini wenyewe wakiwa wameenda kula chakula cha mchana, ilirekodiwa huku kwetu. Anasema Wamarekani wawili walikuja Kondoa na vinasa sauti, wakakesha siku kadhaa pembezoni mwa Pori la Akiba Swagaswaga, wakanasa sauti za fisi, wakaondoka zao, na mzee aliyewaongoza porini hakuambulia hata shilingi. Baada ya maelezo hayo unasikika mlio wa fisi, halafu mlio wa lile zimwi la kahawia linalorusha mipira ya moto, ambalo ndani ya gemu linaitwa Imp. Ukisikiliza kwa spika ya simu, kusema kweli, milio hiyo miwili inakaribiana.

Kinachonitia shaka ni kwamba mzee huyo hana jina, kijiji chake hakitajwi, na mwaka unabadilika: ujumbe wa kwanza niliopokea ulisema 1990, wa pili ukasema 1992. Nilimuuliza aliyenitumia, ambaye ni fundi simu karibu na Soko la Sabasaba, akasema aliupata kwa binamu yake wa Manyoni. Binamu naye aliupata katika kundi la watu wa Singida, na hapo ndipo njia ilipokatika, kwa sababu katika kundi hilo hakuna anayekumbuka nani aliuleta.

Ujumbe una madai mengine mawili. La kwanza ni kwamba ile sauti nzito inayosikika mwishoni mwa Doom II, gemu lililofuata baada ya Doom, ni maneno ya uganga ya mzee huyo huyo, yaliyogeuzwa yachezwe kutoka mwisho kwenda mwanzo. La pili ni kwamba wenye gemu walipotoa hadharani msimbo wa programu yao, yaani maandishi yanayoiendesha, mwaka 1997, waliondoa sehemu ya sauti ili kuficha wizi huo.

Sisemi kwamba habari hii ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba sijaona ushahidi, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameanza kuniuliza kana kwamba ni jambo lililoandikwa vitabuni. Naomba anayefahamu jinsi milio ya gemu hilo ilivyotengenezwa atufafanulie.

Mtoto wa Manyoni

Mwalimu, shikamoo.

Mimi naona tunaharakisha kukataa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kwa habari ya kurekodiwa, sisi watu wa katikati ya nchi hatuna haja ya kushangaa. Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipita Tanganyika mwaka 1950 akiwa na mashine zake na kurekodi muziki wa Wagogo. Marehemu Hukwe Zawose, mtu wetu wa hapa hapa, kazi zake za ilimba na zeze zilitoka Uingereza kwa lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel. Kama waliifuata ilimba hadi huku, kwa nini wasimfuate fisi?

Isitoshe, mimi nimekulia kijijini, na fisi si mnyama niliyefundishwa darasani. Tulikuwa tukimsikia nyuma ya zizi usiku wa manane, na bibi yangu hakuturuhusu hata kumtaja jina baada ya jua kuzama, kwa imani kwamba si kila fisi ni fisi. Mlio ule wa kwenye gemu unanisimamisha nywele kwa namna ile ile. Na hilo la mwaka 1997 mbona hamlijibu? Kama hawana cha kuficha, waliondoa nini?

Kinasa Sauti wa Makole

Mwalimu, asante kwa kuuliza badala ya kusambaza. Nimefanya kazi ya kuhariri vipindi vya redio kwa miaka mingi hapa Dodoma, kwa hiyo nitajibu kwa yale ninayoyajua kwa mikono yangu, na nitamwomba mdogo wangu wa Manyoni anivumilie kwa urefu.

Nianze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Watu wengi hudhani kwamba kila mlio unaosikika kwenye filamu au gemu umetafutwa upya na mtu aliyebeba kinasa sauti kwenda mahali fulani. Mara nyingi sivyo. Kuna kampuni ambazo kazi yake ni kukusanya milio ya kila aina, kama vile milango, radi, magari, wanyama na vioo vinavyovunjika, kuipanga kwenye CD pamoja na orodha, na kuwauzia watayarishaji haki ya kuitumia. Hata sisi redioni, ukisikia mbwa akibweka katika mchezo wa kuigiza, usidhani kuna mbwa aliyeletwa studio.

Milio ya Doom ilitayarishwa na Bobby Prince, mtunzi wa muziki ambaye kabla ya hapo alisomea na kufanya kazi ya sheria, akiwafanyia kazi id Software, kampuni iliyokuwa Mesquite, Texas. Sehemu kubwa ya malighafi yake aliichukua kutoka kwenye mkusanyo wa kampuni ya Kanada iitwayo Sound Ideas, ule unaojulikana kama General Series 6000, kisha akaikata, akaipandisha au kuishusha kimo na kuichanganya. Ndiyo sababu mtu aliyecheza gemu hilo utotoni hushtuka anapotazama filamu isiyohusiana nalo kabisa na kusikia mlango ukifunguka kwa sauti ya mlango wa Doom. Hakuna aliyemwibia mwenzake, wote walinunua katika duka moja. Na kwa sababu mkusanyo huo unapatikana, wapenzi wa gemu wamekaa miaka mingi wakilinganisha mlio mmoja mmoja na asili yake, na zimwi la Mwalimu wamelifikia. Ule mkoromo ambao Imp anautoa anapozurura kabla hajakuona unatokana na ngamia.

Naam, ngamia. Tena si lazima mniamini mimi. Sehemu ya kwanza ya Doom ilitolewa ili watu wainakili na kugawiana bure, na faili lake kuu, DOOM1.WAD, halizidi sana megabaiti 4. Ndani ya faili hilo kumehifadhiwa picha, ramani na milio yote ya sehemu hiyo, kila kimoja na jina lake. Milio huanza kwa herufi DS, na ule wa Imp anayezurura unaitwa DSBGACT. Jana usiku nililifungua kwa programu ya bure iitwayo SLADE, nikautoa mlio huo peke yake na kuuweka kwenye programu ninayohaririia vipindi. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sasa, kwa nini kwenye simu ngamia anafanana na fisi? Hapa kuna jambo ambalo mtoa ujumbe hakulifikiria, au alilifikiria na kulinyamazia. Milio ya Doom imehifadhiwa kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 11,025 kwa sekunde, kila sampuli biti 8, wakati CD ya muziki huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16. Walifanya hivyo kwa lazima, maana disketi ya siku zile ilibeba megabaiti 1.44 tu, na kwa kipimo hicho sekunde moja ya mlio hula kilobaiti 11 hivi. Gharama yake ni kwamba chochote kilicho juu ya hezi 5,500 na kitu kinapotea, na hapo juu ndipo zinapokaa zile chembechembe za sauti zinazokusaidia kutambua koo la nani linalia. Kinachobaki ni mkwaruzo. Ongeza kwamba matoleo ya mwanzo ya gemu yalikuwa yakipandisha na kushusha kimo cha mlio kidogo kila unapochezwa, ongeza spika ya simu ndogo kama punje ya harage, ongeza ujumbe uliobanwa na WhatsApp mara kadhaa kutoka Singida hadi Sabasaba, na hapo hata mimi nikiambiwa ni bawaba ya geti naweza kukubali.

Ukisikiliza faili lenyewe kwa spika nzuri, tofauti iko wazi. Fisi madoa anapoita huanza chini na kupanda juu kwa mvuto mmoja, "uuuuu-ip", kisha hurudia. Mlio wa Imp haupandi hivyo. Unabubujika na kukatikakatika palepale kooni.

Kuhusu mwaka 1997, mdogo wangu, dai lenu lina mguu mmoja wa kweli, na huo ndio unaolifanya litembee. Ni kweli kwamba John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa id Software, alipotoa msimbo wa Doom mnamo Desemba 1997, sehemu ya sauti ya toleo la DOS, mfumo wa kompyuta wa siku zile, haikuwamo. Sababu yake ni kwamba id Software hawakuiandika wenyewe. Walikuwa wamenunua leseni ya maktaba ya programu iitwayo DMX, ya Paul Radek, na mtu hagawi mali ya mwenzake. Ndiyo maana kilichotolewa kilikuwa msimbo wa toleo la Linux, mfumo mwingine wa kompyuta. Lakini angalieni vizuri DMX ni kitu gani: ni programu ya kuicheza milio, kama redio ilivyo kwa kaseti. Milio yenyewe haikuwahi kukaa humo, ilikaa kwenye lile faili la WAD ambalo tayari lilikuwa mikononi mwa watu tangu Desemba 1993. Anayeficha wizi hawezi kuficha redio akaacha kaseti mezani.

Sauti ya mwisho wa Doom II imegeuzwa kweli, na hapo mtoa ujumbe kapatia nusu. Iweke kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, bonyeza kitufe cha kugeuza, na utasikia Kiingereza cha mtu anayesema, kwa tafsiri yangu, "Ili kushinda mchezo huu, ni lazima uniue mimi, John Romero." Huyo Romero alikuwa mmoja wa watengenezaji wa gemu. Wenzake walificha picha ya kichwa chake kwenye mti nyuma ya ukuta wa zimwi la mwisho kwa kumtania, na makombora ya mchezaji yanayolenga paji la uso wa zimwi kumbe yanampiga yeye. Alipokigundua, naye akalipa utani kwa utani kwa kuingia studio na kurekodi maneno hayo. Nimeyageuza mara tatu. Hakuna Kigogo, hakuna Kirangi, hakuna mzee.

Binti Chemba

Nakazia hilo la ngamia, kwa sababu nadhani wengi tunaobishana hapa ngamia tumemwona kwenye picha tu.

Niliwahi kufanya kazi mwaka mmoja upande wa kaskazini, chini ya Mlima Meru, ambako wapo watu wanaofuga ngamia kwa ajili ya kubeba watalii. Chumba changu kilikuwa karibu na mahali wanapopigishwa magoti asubuhi ili wafungwe matandiko. Ngamia asiyetaka kupiga magoti analalamika, na malalamiko yake hayafanani na ya ng'ombe wala punda. Anafungua mdomo, meno ya njano yote nje, na sauti inatoka chini kabisa kooni ikiwa na majimaji, kama uji mzito unaochemka kwenye sufuria yenye mfuniko. Wiki ya kwanza nilitoka nje na tochi saa kumi na moja alfajiri nikidhani kuna mtu anakabwa.

Nimesikiliza Imp kwa vipokea sauti vya masikioni baada ya kusoma maelezo ya Kaka Kinasa Sauti. Ni yule yule wa asubuhi, ila amefupishwa.

Mtoto wa Manyoni

Nimegeuza ile ya Romero mwenyewe kwenye simu. Nakubali, hakuna uganga, na nimewaandikia kule kwenye kundi, ingawa majibu niliyopata si ya kuandika hapa.

Bado nina neno moja. Hata akiwa ngamia, nani anajua alirekodiwa wapi? Na suala la Tracey halijajibiwa. Wageni walirekodi huku, hilo ni la kweli.

Kinasa Sauti wa Makole

Ni la kweli, na nafurahi umemtaja Tracey, kwa sababu anakusaidia kidogo kuliko unavyodhani. Rekodi zake za Tanganyika zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na zimeandikiwa kadi: kabila, aina ya wimbo, ala, mahali, mwaka, na mara nyingi jina la mwimbaji. Tunajua kwamba alirekodi Wagogo mwaka 1950 kwa sababu aliandika hivyo, na kwa sababu sauti zipo, mtu anaweza kuzisikia. Ya Hukwe Zawose ni hivyo hivyo, jina lake liko kwenye jalada. Mtu anaweza kujadili kama walilipwa ipasavyo au hawakulipwa, na huo ni mjadala halali ambao ningependa siku moja tuufanye hapa kwa kirefu, kwa sababu una watu halisi ndani yake na watoto wao wapo. Lakini unaanza na kadi. Huyu fisi wa Swagaswaga hana kadi, hana mzee, hana kijiji, na sasa hana hata mlio.

Kuhusu ngamia kurekodiwa wapi, sioni kwa nini tuanze na Kondoa wakati aliyeitaja Kondoa ni yule yule aliyesema ni fisi.

Mwalimu wa Miyuji

Nawashukuru nyote, hasa Kaka Kinasa Sauti kwa muda wako, na wewe Mtoto wa Manyoni kwa kubisha kwa adabu, maana bila wewe nisingepata maelezo ya DMX.

Niwape mrejesho. Jumatano nilipeleka kompyuta yangu darasani nikiwa na mafaili matatu: fisi, ngamia, na DSBGACT iliyotolewa kwenye WAD kama nilivyoelekezwa. Sikuwaambia wanafunzi kipi ni kipi. Kupitia spika ya simu walipiga kura na darasa likagawanyika karibu katikati. Nilipounganisha spika kubwa tunayotumia kwenye mahafali, mikono ya upande wa fisi ilishuka mmoja baada ya mwingine, akabaki kijana mmoja aliyesema anabaki na fisi kwa sababu ameshaandika kwa kalamu ya wino.

Jioni nilimchezea mama yangu, aliyelelewa kijijini huko Chemba na ambaye hajawahi kushika gemu lolote. Alisikiliza DSBGACT mara mbili, akasema, "Huyo si fisi. Fisi anaita mwenzake, huyo anagombana na mtu." Kisha akaniomba niizime kwa sababu mbuzi walikuwa wameanza kuhangaika.

Yule fundi simu wa Sabasaba nilimpelekea mafaili yote pamoja na maelezo. Alisikiliza kwa makini, akakubali kwamba ni ngamia, akanishukuru, na akaahidi kurekebisha pale alipoutuma ujumbe. Ahadi yake ameitimiza. Leo asubuhi nimepokea kutoka kwa mtu mwingine kabisa, wa mtaa wa Kisasa, ujumbe ule ule wa Wamarekani wawili, vinasa sauti na mzee asiyelipwa. Neno fisi limeondolewa na pamewekwa ngamia. Kondoa imebaki palepale.